Basi la Saa Kumi na Moja

Mama mwenye nyumba wangu aliponiuliza ninafanya kazi gani hasa, nilimjibu kwamba naandika kodi, kwa sababu ndivyo tunavyoyaita ofisini maelekezo tunayoiandikia kompyuta, naye akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa na kunijibu kwamba angefurahi zaidi iwapo ningeilipa. Tangu siku hiyo nimeacha kuingia katika maelezo. Nikiulizwa nasema kwamba mimi ni mtu wa kompyuta, jibu fupi ambalo limenigharimu usingizi mwingi, kwa maana hapa Tabata mtu wa kompyuta ndiye anayeitwa king'amuzi kinapogoma, simu ya mtoto inapoingia maji, na umeme unapokwisha saa tano za usiku, ikabidi mtu aingize tarakimu 20 za luku kwa mwanga wa tochi. Mama huzisoma nne nne, kwa sauti ya mtu anayehesabu mahari, na kila tukifika ya kumi na saba hukohoa, akapoteza mstari, tukaanza upya. Mwezi Mei 2024, nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika na intaneti ikawa ya kuombewa dua, alinigongea mlango asubuhi na mapema kuniuliza nimegusa nini.

Laiti angejua ninachokigusa. Kwa miezi saba mfululizo nimelipwa mshahara, ambao hunifikia ukiwa umekwisha kukatwa asilimia 10 ya NSSF, asilimia 15 ya mkopo wa elimu ya juu na kodi ya mapato (kodi hiyo ndiyo ninayoilipa bila kugongewa mlango), kwa kazi moja tu: kuielewesha mashine kwamba saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili.

Kampuni yetu, ambayo imepanga vyumba vitatu Kijitonyama, ilipata zabuni ya kutengeneza programu ya kukatisha tiketi kwa mzee mmoja mwenye mabasi ya mikoani. Kazi ilionekana nyepesi. Karani anachagua basi, anachagua siti, anaandika jina la abiria na saa ya kuondoka, mashine inatoa tiketi. Tuliikamilisha kabla ya muda, tukapongezwa, tukanunuliwa soda, na programu ikafanya kazi miezi miwili bila lalamiko hata moja, jambo ambalo kwa mtu yeyote mwenye uzoefu wa kazi hii lilitosha kuwa sababu ya kuanza kuogopa.

Kilichokuja kutuumbua ni ukarimu. Bosi alipendekeza tuongeze ujumbe mfupi wa kumkumbusha abiria, utumwe kwenye simu yake saa mbili kabla ya safari: "Ndugu abiria, tafadhali wahi kituoni." Siku ya kwanza tu zilirudi simu za matusi. Abiria mmoja alitupigia kutoka Morogoro, akasema kwamba yuko Msamvu, ameshika chipsi mkononi, basi linapiga honi limwache, na sisi tunamwambia awahi stendi ya Mbezi. Tuliketi kutafuta chanzo, na tulipokipata hakuna aliyecheka. Basi la Mbeya huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Karani, ambaye ni binti mwenye akili zake timamu, aliandika 12:00. Mashine, ambayo haikulelewa Uswahilini, ikaelewa kwamba basi linaondoka jua likiwa utosini. Ilipotoa tiketi ikaandika 12:00, abiria akasoma saa kumi na mbili, akafika alfajiri, akapanda, akaondoka zake. Kwa miezi miwili karani alikosea wakati wa kuandika na mashine ikakosea wakati wa kusoma, na makosa hayo mawili yakashikana mikono na kumfikisha kila mtu Mbeya salama. Hakuna aliyekuwa na tatizo isipokuwa ule ujumbe mfupi, ambao ndio pekee uliokuwa ukitumia hesabu sahihi.

Sasa, mtu mwenye busara angeufuta ujumbe mfupi na kwenda kula. Sisi ni wataalamu, kwa hiyo tulirekebisha.

Tuliwafundisha makarani kwamba saa kumi na mbili asubuhi iandikwe 06:00, nao wakaandika. Tiketi zikatoka na 06:00, na abiria, ambao hawakuhudhuria mafunzo yetu, wakasoma saa sita. Nilitumwa stendi kuona kwa macho. Saa sita mchana nilimkuta mama mmoja amekaa juu ya begi, watoto watatu pembeni, ndoo ya dagaa iliyofungwa kwa kitambaa mbele yake, akilisubiri kwa utulivu basi lililokuwa limekwisha kuondoka tangu kucha. Karani akamweleza kwamba ile ni saa ya kizungu. Mama akauliza kama basi nalo ni la kizungu. Nilijifanya mpita njia.

Wenzetu wa nchi nyingine hawanielewi ninapolalamika juu ya jambo hili, kwa hiyo nitalalamika hapa. Sisi tunaanza kuhesabu pale jua linapochomoza, na kwa kuwa hapa petu hatuko mbali na ikweta, jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, hesabu ikakaa sawa bila kumsumbua mtu. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Mtoto wa chekechea analijua hilo. Kompyuta kwa upande wake huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, usiku wa manane wa majira ya Greenwich, na ukitaka kujua ni saa ngapi mahali fulani, unaipa jina la mji na yenyewe inaongeza au kupunguza. Niliifungua orodha ya miji hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa na matumaini kwamba Dar es Salaam itakuwa imeelezwa ilivyo. Imo. Lakini katika orodha hiyo, ambayo ndiyo inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani, Dar es Salaam ni jina tu linalokuelekeza Nairobi, kama duka lililobandikwa tangazo la "tumehamia jirani". Nilimwonyesha bosi, akasema suala hilo lisifike kwa wateja.

Aliyetuletea ufumbuzi ni kijana wetu wa seva, mtu mkimya anayekula mihogo mchana na kusema maneno kumi kwa siku. Aliinua kichwa akasema, "Buenos Aires." Tukadhani ni homa. Akaeleza: sisi tumeitangulia Greenwich kwa saa tatu, na Argentina iko nyuma ya Greenwich kwa saa tatu, kwa hiyo tofauti baina yetu ni saa sita kamili, sisi tukisema saa mbili asubuhi, saa ya ukutani ya mtu wa Buenos Aires nayo inaonyesha mbili. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia, nikahesabu kwa vidole vya jirani yangu. Ni kweli tupu. Mswahili amekuwa akitaja saa ya Argentina tangu mababu bila kujua na bila kulipwa. Tulibadilisha mstari mmoja tu katika programu, tukaiambia mashine kwamba inaishi Buenos Aires, tukaiamuru ihesabu hadi kumi na mbili na kuanza upya, na tiketi zikaanza kutoka kama Mungu alivyokusudia: basi la saa mbili asubuhi 2:00, basi la saa nane mchana 8:00, hata basi la Mbeya likatoka 12:00 bila kosa. Bosi aliagiza pilau. Kijana wa seva alipigiwa makofi, akarudi kwenye mihogo yake.

Tatizo ni kwamba majaribio yote tuliyafanya kwa mabasi ya asubuhi na mchana, kwa sababu sisi wenyewe huwa macho wakati huo. Ila mabasi ya mikoani yalikuwa yameruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, na mzee alikuwa ameanza kuitamani safari ya kuondoka saa kumi na moja alfajiri ili abiria wake wawatangulie wa wenzake barabarani. Akaianzisha siku ya Jumanne, akauza siti zote.

Jumanne hiyo, kabla sijamaliza kupiga mswaki, simu iliita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, leo ni siku gani?"

"Jumanne, mzee."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

"Basi ieleze mashine yako. Nimeuza siti zote, gari limeondoka na watu sita."

Nikamwuliza wengine wako wapi. Akanijibu kwamba walikuja jana. Nusu walikuja jana alfajiri wakakuta stendi haina gari lao, na nusu walikuja jana saa kumi na moja jioni, wakagombana na wale wa alfajiri waliokuwa bado wamekaa hapohapo wakidai fedha zao. Nilielewa kabla hajamaliza, nikakaa kwenye ukingo wa beseni. Saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne hapa kwetu, Buenos Aires bado ni Jumatatu usiku. Mashine iliandika saa vizuri kabisa, 11:00, na siku ikaandika ya kwao. Wale sita waliosafiri, nilikuja kuambiwa baadaye, ni wale ambao hawakuisoma tiketi hata kidogo. Walimwuliza mpiga debe.

Nilijaribu kumweleza mzee suala la Argentina. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, iwapo kuna abiria wake yeyote anayetokea huko.

Ndipo tukaifanya kazi kwa namna ambayo tungepaswa kuifanya tangu mwanzo. Mashine itunze saa yake ya kimashine kimyakimya huko ndani, na inapozungumza na binadamu iseme Kiswahili, pamoja na neno la wakati. Nilidhani hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kikao cha kuamua alfajiri inaishia wapi na asubuhi inaanzia wapi kilichukua saa tatu. Mmoja wetu alisema alfajiri inakwisha adhana ikishatoka. Mwingine, ambaye ameoa karibuni, alisema kwake saa kumi na mbili bado ni usiku. Ilipofika saa kumi jioni tukabishana kama ni alasiri au jioni hadi mwenye pilau wa chini akapandisha sahani akidhani tuna msiba. Halafu mwenzetu aliyekulia Tanga akatonesha kidonda kipya kabisa: usiku wa Ijumaa ni upi? Kwa bibi yake, siku mpya huingia jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao vijana wa mjini wanauita Alhamisi usiku. Tuliandika "usiku wa kuamkia" kwenye tiketi, ikawa ndefu kuliko karatasi, ikabidi tupunguze jina la abiria. Kuna watu wamesafiri hadi Songea kwa majina nusu.

Hata hivyo ikakamilika. Tiketi ikawa inasema "Jumanne, saa 11:00 alfajiri", kitu ambacho hata mama wa ndoo ya dagaa hawezi kukikosoa. Mzee alilipa sehemu ya deni. Nami, kwa majivuno ambayo sasa nayajutia, nikaamua likizo yangu ya kwenda nyumbani Moshi nisafiri kwa basi la mzee, la saa kumi na moja alfajiri, kwa tiketi iliyotoka kwenye programu yangu mwenyewe. Niliikata, nikaisoma mara mbili, nikamwonyesha mama mwenye nyumba, naye akasema ina maandishi mazuri.

Usiku huo nilipanga begi, nikaiweka tiketi kando ya mto, nikachukua simu kutega alamu. Nilitaka kuamka saa moja kabla ya basi kuondoka. Tiketi ilisema 11:00, nikatega 10:00. Nikalala usingizi wa mtu ambaye amemaliza kazi yake.

Simu yangu ni mwaminifu. Iliita saa nne kamili asubuhi, jua likiwa limefika kitandani, jirani amekwisha kufua na kuanika. Nilikaa kitandani nikiitazama kwa muda, kisha nikampigia karani wa tiketi, binti yuleyule wa 12:00, nikamweleza kwa kifupi iwezekanavyo. Akaniambia kwamba gari limekwisha kupita Segera, kisha akakaa kimya kidogo.

"Kaka, samahani. Wewe si ndiye yule mtu wa kompyuta?"

Nikakiri.

"Basi kuna nafasi kwenye gari la kesho," akasema. "Nikuandikie na kwa peni?"