Machozi ya mtoto mbele ya lenzi

Soko la samaki Bagamoyo, mtoto wa miaka mitatu hivi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kashata yake imeangukia mchangani. Mdomo wa chini unatetemeka, chozi limening'inia kwenye kope. Kijana mwenye kamera anachuchumaa mbele yake, anabofya. Mama, kikaango kikiwa motoni, anamuuliza: "Mwanangu, hata kilio nacho unakipiga picha?"

Wengi wangemjibu kijana kwa ukali zaidi: mtoto akilia hubembelezwa. Wana sababu. Pwani hii bado tunampaka kichanga wanja kwenye paji la uso ili jicho la husda lisimpate. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Na mwaka 2006 mpiga picha Jill Greenberg alionyesha huko Los Angeles picha za watoto wadogo wanaolia, baadhi yao wakiwa wamepewa pipi kisha wakanyang'anywa, mbele ya wazazi wao. Hilo siwezi kulitetea. Mtoto aliyelizwa kwa ajili ya picha ameonewa, hata kama mzazi ameridhia.

Lakini yule kijana hakuiangusha kashata. Aliikuta mchangani. Ndiyo maana naona wapiga picha wa aina yake wanahukumiwa kwa kosa lisilo lao. Fungua albamu zetu: nguo ya Idi, "haya, cheka!", meno nje, basi. Utadhani hakuna mtoto aliyewahi kununa siku nzima, au kumwonea wivu mdogo wake akinyonya. Anayeusogelea uso wa mtoto aliyekasirika na kutulia nao anakubali kwamba hasira ile ni ya kweli, kama ya mtu mzima.

Kinachonisumbua mimi ni sentimita moja na nusu. Lenzi ya milimita 85, tundu lake la mwanga likifunguliwa wazi hadi f/1.8, mita moja kutoka usoni, kina cha sehemu inayoingia kwenye fokasi, yaani inayoonekana kwa ukali, hakizidi kiasi hicho. Ukilenga kope, sikio limeshafifia. Ndoo, kashata, mkono wa mama unaoleta kipande kingine, vyote vinayeyuka. Upande mmoja hiyo ni neema: shati lililochanika halionekani, moshi na vibanda havionekani, amebaki mtu. Upande wa pili, picha hiyo ikifika mbali, mtu ataandika chini yake "njaa", na ndani ya picha hakuna kitu cha kumbishia. Mtoto aliyepoteza kashata anageuzwa bango la kuombea misaada, na chozi ni lile lile, halikuongezwa wala kupunguzwa.

Sioni kwamba dawa ni kurudi nyuma hatua tano. Apige uso, kisha apige na ndoo. Chini aandike sababu ya kilio, jina aliache. Na kabla ya kuondoka amwonyeshe mzazi; akiambiwa futa, afute pale pale.

Kijana wetu alimgeuzia mama kioo cha kamera. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akainama, akatazama mpaka samaki wakaanza kuungua.

"Hii kanisafishie," akasema. "Analia kama marehemu baba yangu."