Ringi za Nguzo na Tetemeko, Tanga

Anayejenga ofisi ya ghorofa tano hapa Tanga akiguswa na mhandisi habari ya tetemeko, jibu lake jepesi: hayo ni ya Bukoba. Wala si jibu la kijinga. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa kule Ziwa Victoria, sisi tuko pwani, na msingi juu ya mchanga na tumbawe unakula fedha ya kutosha. Isitoshe, michoro mingi ya zege nchini imefuata BS 8110, kanuni ya Waingereza ya usanifu wa zege, ambayo haina sura ya tetemeko. Aliyeifuata huwezi kumwita mzembe.

Ila tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Hiyo si Bukoba.

Na mhandisi anaomba nini hasa? Watu hudhani anataka jengo la Kijapani lililokalia mipira. Anaomba ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo za wima za nguzo. Nondo ni ile ile ya milimita 8, ila ncha isikunjwe nyuzi 90 ikaishia kwenye kava, lile tabaka la zege la nje linalofunika nondo; ikunjwe 135, izame ndani ya nguzo. Jengo likiyumba sana, kava ndiyo hubanduka kwanza. Ringi ya 90 ikishakosa kava inafunguka, nondo za wima zinapinda kwenda nje, na zege la ndani, lisiloshikwa na kitu, linamwagika. Ile ya 135 imeng'ang'ania ndani. Gharama yake ni sentimita chache za nondo na subira ya fundi. Anataka pia ringi zisogeleane karibu na bimu, nguzo inapoumia zaidi. Na hapo hapo, kwa kuwa nondo zimesongamana, ndipo mafundi hupenda kuziruka.

Ombi la pili ni gumu, silifichi. Chini mwenye jengo anataka fremu za maduka zilizo wazi, juu ofisi zenye kuta za tofali. Juu panakuwa sanduku gumu, chini miguu mitupu, na mtikisiko unaziangukia nguzo hizo. Kuweka ukuta wa zege pale ni kupoteza fremu na kodi yake ya kila mwezi. Namwelewa. Labda ukuta wa lifti, ambao ataujenga tu, umwagwe zege hadi msingini, mradi usitupwe pembeni jengo likajisokota.

Kwenye ukuta basi mhandisi na mwenye jengo wavutane. Kwenye ringi sioni cha kuvutania, na zikaguliwe kabla zege halijamwagwa, maana baada ya hapo hakuna atakayeziona.