Wifi Yangu na Kifungu cha 230

Mimba ilikuwa na miezi mitatu wifi yangu alipoanza kulala ameketi. Akijilaza tu, pumzi zinamkata. Tukawa tunamweka barazani kwenye mkeka, mito mitatu mgongoni, miguu imevimba hata kandambili haziingii. Valvu ya moyo wake ni mbovu tangu utotoni, na alipomzaa mtoto wa kwanza aliambiwa asirudie.

Tulimpeleka hospitali hapa hapa Tanga mjini; sitaitaja. Daktari akasoma kipimo cha moyo, akafunga faili. "Dada, moyo wake hautaihimili mimba hii." Nikamuuliza, sasa tunafanyaje? Kwanza aliinuka akafunga mlango. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi kuigusa, ana familia inamtegemea, labda mume aandike barua ya kuridhia halafu ataona. Mume mwenyewe, kaka yangu, alikuwa dago, kambini kwa wavuvi, simu haipatikani.

Barua ya mume! Tangu siku ile nimeisoma Kanuni ya Adhabu mstari kwa mstari. Kifungu cha 150 kinamtishia anayetoa mimba kinyume cha sheria kifungo cha miaka 14. Cha 151, mwanamke mwenyewe miaka 7. Cha 152, anayempa dawa au vifaa miaka 3. Habari ya jela hata kina mama wa soko la Mgandini watakueleza. Wasichokijua, na wauguzi wengi niliowauliza hawakijui, ni kifungu cha 230: anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, ili kunusuru uhai wa mama, hana kosa la jinai. Humo hakuna mume wala barua.

Lakini namwelewa yule daktari, ingawa siku ile nilimchukia. Kifungu hakisemi hatari iwe kubwa kiasi gani, wala nani aamue. Akikosea, au jirani akienda kumchongea polisi, atasimama peke yake mbele ya miaka 14. Kwa hiyo anachagua kungoja, na anayelipa gharama ya kungoja ni mgonjwa.

Wengine hawangoji. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, na wanawake kama 66,600 walitibiwa hospitali kwa madhara yake. Nyuma ya hesabu hiyo kuna mizizi, vidonge visivyojulikana vimetoka wapi, vyumba vya uani.

Na wapo ambao hata kifungu cha 230 hakiwagusi. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inataja waziwazi mimba ya kubakwa, ya maharimu, na inayohatarisha afya ya mama kimwili na kiakili. Haya bado hayajaingizwa katika sheria yetu. Binti aliyebakwa atapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kesi itafunguliwa, na mimba ataibeba.

Najua nitaambiwa nahalalisha haramu. Sisi nyumbani tulimuuliza sheikh wa mtaani kwetu. Alimtazama wifi anavyohema, akasema uhai wa mama unatangulizwa, msicheleweshe. Dakika mbili hazikufika. Hospitalini tulihangaika siku kumi na moja.

Ninachokitaka Wizara ya Afya inakiweza: mwongozo wa Kiswahili, ubandikwe ukutani kila kliniki ya wajawazito, useme anayeamua ni nani, kwa vigezo gani, ndani ya saa ngapi, na kwamba daktari aliyeufuata atalindwa. Bunge nalo lina deni lake kwa wale mabinti.

Siku ya kumi na moja tulimpata daktari mwingine, mama mtu mzima, akamhudumia. Wifi yuko hai, anakaanga vitumbua asubuhi. Nilipochukua kadi ya kuruhusiwa nikakuta imeandikwa: mimba imeharibika yenyewe. Nikamrudia yule mama, nikamwambia haya siyo yaliyotokea, na ulichofanya ni halali.

"Najua mwanangu," akanijibu, akichukua faili la mgonjwa mwingine. "Lakini nimebakiza miaka miwili nistaafu."