Studio ya runinga ya wananchi Mombasa: nani alipe, nani ashike ufunguo

Kila linapozuka wazo la Mombasa kuwa na studio yake ya runinga ya wananchi, jibu la kwanza huwa lile lile: "Hiyo itakuwa ya gavana." Nimelisikia Kibokoni kwenye baraza la kahawa, nimelisikia tukingoja feri Likoni, na juzi mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, serikali haikununulii mdomo kisha ikakuacha useme utakalo." Sitaki kumpuuza. Aliyoyaona yeye ni mengi kuliko niliyoyaona mimi.

Kinachozungumzwa si kituo kikubwa cha kushindana na vya Nairobi. Ni chumba chenye kamera mbili tatu, taa, vipaza sauti, meza ya kuhariri na fundi wa kufunza. Mkazi anajifunza, anaandikisha saa yake, anatengeneza kipindi, na kipindi kinarushwa kama alivyokitengeneza, almuradi hakivunji sheria. Kuhusu haja yake wengi tunaelewana. Wapo wanaosema kila mtu ana simu, basi studio ya nini, lakini simu inamtaka mtu awe na bando, awe na utulivu wa kurekodi, na mwisho kampuni iliyo ng'ambo ndiyo inayoamua jirani yake ataiona video ile au hataiona. Hilo tuliache. Mzozo wenyewe uko kwenye mfuko na usimamizi.

Upande unaokataa fedha za kaunti una hoja nzito. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima vituo vya runinga vya Citizen, NTV na KTN siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mahakama ndiyo iliyosimamisha amri hiyo. Machi 2024 likaja agizo kwamba matangazo ya biashara ya serikali kwenye redio na runinga yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali yenyewe, jambo lililoishia mahakamani nalo. Hivyo ni vyombo vyenye mawakili na wenye mali nyuma yao. Chumba cha kamera tatu Tononoka kitajitetea kwa nini? Na usisahau hospitali ya Makadara, ambako mgonjwa hutumwa akanunue dawa nje. Ukimwambia ndugu wa mgonjwa huyo kwamba kaunti inanunua taa za studio, usitaraji akupigie makofi.

Nayakubali yote hayo. Swali langu ni moja: kaunti isipolipa, nani atalipa?

Jibu la mezani ni wafadhili, wadhamini na matangazo. Jibu la mtaani nimelishuhudia. Kisauni, msimu mmoja wa kampeni, vijana niliowajua walikuwa na kikundi cha kurekodi. Mgombea mmoja akawaletea kamera, kompyuta na kodi ya chumba ya miezi sita, na hakuweka sharti hata moja. Lakini kila wiki msaidizi wake alipita "kusalimia tu", na vijana wenyewe wakaanza kujiuliza kabla ya kurekodi: hili litamuudhi mzee? Alipoanguka kwenye kura, gari lilikuja kuchukua kamera. Lau angeshinda ingekuwa vibaya zaidi, kwa sababu kamera zingebaki na wale vijana wangebaki nazo chini yake. Hapakuwa na karatasi, wala mkaguzi, wala mahali pa kushitaki.

Ufadhili wa kutoka nje una adabu zaidi, lakini una kalenda yake. Mradi ukiisha, fundi anaondoka, na ripoti ya matumizi inakwenda kwenye ofisi ambayo mkazi wa Jomvu hataijua. Fedha za umma zina aibu moja nzuri: zinakaguliwa hadharani. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na ripoti hiyo naweza kuisoma mimi, akaisoma na yule mzee. Hofu ya "itakuwa ya gavana" ina dawa za kisheria za kujaribiwa. Hofu ya "itakuwa ya mgombea" haina hata moja.

Sasa nije kwenye hesabu isiyonipa usingizi. Chukua studio moja iliyo wazi siku sita kwa wiki, muda wa saa nane kila siku. Hizo ni saa 48. Mombasa ina wadi 30. Ukigawa sawa kwa sawa, kila wadi inapata saa moja na dakika 36 kwa wiki. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333, yaani wastani wa watu elfu 40 na ushei kwa kila wadi. Dakika 96 kwa watu elfu 40. Toa nusu saa ya kupanga taa na kujaribu sauti, umebaki na kitu kama saa moja. Hiyo saa ndiyo mali ya studio kuliko kamera, na anayeigawa ndiye mwenye studio, liwe limeandikwa jina lolote mlangoni.

Tena mgao sawa haupo duniani. Studio ikiwekwa mjini, mtu wa Mvita anafika kwa miguu. Mama anayeuza mahamri Mtongwe anamaliza biashara karibu na adhuhuri, apande matatu hadi kivukoni, angoje feri, apande tena upande wa pili, kisha arudi kabla ya watoto kutoka shule. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, ila siku haina bure. Nani atakayemwekea yeye saa ya mchana, na si saa mbili asubuhi? Mdhamini hatamwekea, kwa kuwa hana cha kumuuzia. Ni lazima iwe kanuni: nusu ya saa zile zitoke nje ya jengo, kamera zipelekwe Likoni, Mikindani, Bamburi, kwa zamu zilizobandikwa ukutani ili kila mtu azione. Kanuni ya namna hiyo ina gharama ya mafuta, dereva na fundi wa pili, na haijilipi kwa tangazo la sabuni.

Nikisema Mikindani nina maana yangu. Pale Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu madini ya risasi mwilini, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na kuona mwanawe akidhurika, alipiga kelele miaka mingi. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ikashuka, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Sisemi studio ingefunga kiwanda. Nasema majirani wale walikuwa wakikohoa na kuzika kabla habari haijafika Nairobi na kurudi kwetu kama habari. Dakika 96 kila wiki, miaka yote ile, zingekuwa kumbukumbu ya sauti na sura zenye tarehe, na mtu wa Kongowea angejua linalompata mwenzake wa ng'ambo ya kisiwa.

Je, kaunti ina ruhusa? Hapa wengi hukwama, na wana sababu. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kitaifa utangazaji wa redio na runinga. Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, inaitaka kaunti iweke njia za kuwasiliana na umma, na katika kutaja njia hizo imeanza na vituo vya runinga, ikataja na redio za jamii. Nionavyo mimi, havigongani ukitenganisha kutengeneza na kurusha. Kaunti igharimie chumba, vifaa na mafunzo, ambayo ni karibu sana na utamaduni, maktaba na ushirikishwaji wa wananchi, mambo yaliyo mikononi mwake. Leseni ya utangazaji wa jamii iombwe Mamlaka ya Mawasiliano na chama cha wananchi wenyewe. Tangu tuhamie dijitali mwaka 2015 kituo hakihitaji mlingoti wake. Kinalipa msambazaji wa mawimbi, nasi tunakipata kwenye king'amuzi.

Kutenganisha huko kuna mtego, na Wamarekani wameshanaswa nao. Kwao jambo hili ni la zamani: New York ilifungua chaneli za namna hii 1971, na sheria ya 1984 ikaruhusu miji kutoza kampuni za runinga ya kebo hadi asilimia 5 ya mapato yao, ambako studio nyingi zilipata riziki. Chaneli za Manhattan zikakabidhiwa shirika lisilo la serikali. Wakazi wawili waliorusha filamu ya kulikosoa shirika hilo wakafungiwa, wakaenda mahakamani, na Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano kwa wanne, ikaamua kwamba shirika lile si dola, hivyo halibanwi na kinga ya kikatiba ya uhuru wa kusema. Yaani waliitoa studio mkononi mwa serikali ili iwe huru, wakajikuta imetoka na haki yao.

Kwetu mlango huo umefungwa, jambo ambalo sijasikia likisemwa na upande wowote. Kifungu cha 20 cha Katiba ya 2010 kinasema Sheria ya Haki, ile sura ya haki za msingi, inavifunga vyombo vyote vya dola na watu wote. Watu wote. Chama kitakachoendesha studio ya Mombasa kikimfungia mtu kwa sababu amekikosoa, hakitaweza kujificha nyuma ya neno "binafsi". Na Kifungu cha 34 kinaikataza serikali kuingilia utangazaji au kumwadhibu mtu kwa maoni yake. Mzee wangu anasema karatasi hazizuii rungu. Kweli. Lakini ndizo zilizopelekwa mahakamani mwaka 2025, na amri ikasimamishwa.

Somo la pili la Marekani ni la chanzo cha fedha. Watu wakiacha kebo na kuhamia intaneti, ile asilimia 5 inakatwa kutoka kwenye donge linalopungua. Basi tusifunge studio kwenye chanzo kinachokufa, wala kwenye bajeti ya kila mwaka, kwani hapo ndipo gavana na wawakilishi wadi huishika koo: kipindi kimewachoma Aprili, fungu linapunguzwa Juni. Katiba imeacha njia nyembamba. Kifungu cha 207 kinaruhusu fedha kutoka kwenye Mfuko wa Mapato wa kaunti kwa kupitishwa kila mwaka, au kwa kutozwa moja kwa moja kwenye mfuko huo kupitia sheria ya kaunti. Njia hii ya pili ndiyo ninayoitetea. Bunge la kaunti lipitishe sheria kwamba sehemu fulani ya ada ya mabango ya matangazo, ambayo udhibiti wake Katiba imeupa kaunti, ni ya studio, na haipunguzwi mpaka sheria yenyewe ibadilishwe mbele ya umma. Mabango yamejaa kuanzia Moi Avenue hadi Nyali. Mwenye kuyauzia macho yetu mchana kutwa achangie sauti zetu. Kutoa fedha bado kutahitaji idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na kwa kuchelewa kwa fedha za kaunti tunakokujua, mishahara ya fundi itachelewa kama ya muuguzi. Sina dawa ya hilo. Na hoja ya Makadara hapa inapungua makali ila haiishi, maana ada ya bango nayo ingeweza kununua dawa.

Bodi ndiyo itakayoua au kuokoa. Tunao mfano wa kuepuka: jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti lililowekwa na sheria ya fedha za umma ya 2012 lina wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na dini, muundo mzuri kabisa, kisha mwenyekiti wake ni gavana. Bodi ya studio isiwe na mteule wa gavana hata mmoja, wala mwakilishi wadi. Wachaguliwe na waliosajiliwa kutumia studio, mmoja kila eneo bunge kati ya sita, wakae kipindi kimoja tu. Kaunti ibaki na haki ya kukagua vitabu, isiwe na haki ya kuona kipindi kabla hakijarushwa.

Nilimweleza mzee yote haya. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na ufunguo wa mlango?" Nikamwambia wa fundi. "Na fundi huyo anaandikwa kazi na nani?" Na bodi, nikasema. Akasema hapo ameanza kusikiliza, ila sheria hiyo iandikwe kabla ya kampeni za 2027 kuiva, kwa kuwa zikishaiva kila mwakilishi wadi ataisoma akihesabu zile dakika 96 kama zake.