Safari ya Mita 12

Ukifika nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, utakuta ukumbini mkeka umetandikwa kwa urefu, upande mmoja tu, umebana ukutani. Bibi atakwambia ni wa wageni. Mungu anisamehe kumsemea mtu mzima, lakini huo mkeka haujawahi kukaliwa na mgeni. Chini yake kuna alama ya tairi, nyeusi tii, juu ya sakafu yake nyekundu aliyoipiga nta kwa miaka mingi. Alama ni ndefu kuliko mkeka, kwa hiyo ukiangalia vizuri karibu na mlango wa uani utaiona imechungulia.

Tairi ni yangu.

Mimi ni mtu wa pikipiki, ingawa zaidi ni mtu wa kuzifungua kuliko kuziendesha. Mwaka juzi nilisikia kwamba kwenye stoo ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza kuna chuma cha Mwingereza kimelala chini ya magunia. Nilikwenda nikitegemea kukuta Honda ya bwana shamba. Nikakuta tangi limejaa kinyesi cha popo na usukani uliokunjwa kuelekea chini kama pembe za beberu aliyekasirika. Nikatoa mswaki mfukoni, wangu mwenyewe, nikasugua ubavu wa injini. Herufi zikaanza kujitokeza moja moja: D, B, D, kisha 34, kisha GS. Nikakaa chini juu ya magunia.

Kwa asiyejua, hiyo ni BSA Gold Star, ya mwisho katika ukoo wake, iliyotengenezwa Birmingham kati ya 1956 na 1963. CC 500, pistoni moja tu, upana milimita 85. Ukiishika unadhani umeshika kikombe cha uji. Jina lenyewe lilitoka uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, mwaka 1937, pale mwanambio Wal Handley alipoizungusha BSA kwa zaidi ya maili 100 kwa saa akapewa beji ya nyota ya dhahabu. Kampuni ikaona jina ndilo hilo. Ni pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya vijana wa kushindana kwenye kisiwa cha Man. Mtu wa kwenda kununua dagaa hawakumfikiria kabisa. Bei niliyolipa siitaji hapa, maana Bibi anajua kusoma.

Ilifika Tanga imelala juu ya machungwa kwenye Canter. Bibi akaizunguka mara moja, mikono nyuma, akasimama kwenye alama ya bunduki tatu zilizoegemeana.

"Hizi bunduki za nini?"

Nikamweleza kwamba hao jamaa walianza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, pikipiki zikaja baadaye.

"Kwa hiyo hawajaacha," akasema, akaingia ndani.

Nia yangu ilikuwa ndogo tu: kuifanya iwe ya barabarani. Taa, honi, kioo, pa kufungia namba, sauti ipungue, basi, niwe naingia nayo mjini Ijumaa jioni watu wageuze shingo. Kazi ilinichukua miezi 14, pale pale chumbani. Spoki nilizifungua moja moja nikaziloweka kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria ambayo baadaye ilinibidi niinunue. Ringi niliinyoosha kwa kijiti cha mshikaki: unakifunga kwenye uma wa pikipiki, unazungusha gurudumu polepole, kijiti kikigusa kinalia *chwe*, unakaza spoki ya upande wa pili robo mzunguko, unazungusha tena. Jioni tatu za *chwe*. Bibi alipokuta vijiti sita sakafuni akauliza nani amekula nyama humu bila kumbakizia.

Sasa, chuma hiki kina tabia zake, na nitazisema ili usinionee huruma isiyonistahili, kwa sababu zote nilizijua. Kwanza haina sailensa. Kabureta yake ni Amal GP, ya mbio, haikutengenezwa ili injini iungurume taratibu peke yake. Ukiachia mafuta, inazima. Halafu gia namba moja. Kwenye pikipiki ya kawaida gia ya kwanza ni ya kuondokea. Hii, kwa giaboksi yake ya mbio, gia ya kwanza peke yake inakupeleka mpaka karibu kilomita 95 kwa saa. Tena miguu imebadilishana kazi: Waingereza wa zamani waliweka gia kulia na breki kushoto, kinyume kabisa na bodaboda zote ulizowahi kupanda. Na haina ufunguo. Magneto inajitengenezea cheche yenyewe, haihitaji betri wala idhini ya mtu. Kuzima kuna kitufe, nilikuwa nimeshakinunua, kilikuwa kwenye pakiti yake kabatini.

Niliyajua haya yote, kama mtu anavyojua kwamba embe bichi na chumvi havimpendi mwenye vidonda vya tumbo.

Kilichoniponza ni nyonyo.

Kile kibao kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta, kinachoongeza na kupunguza resi, kilikuwa kizito. Nikakumbuka kwamba wanambio wa zamani walikuwa wakitumia mafuta ya mbarika, yaani nyonyo, kwenye injini. Hata jina Castrol limetokana na hayo mafuta kwa Kiingereza. Mbarika! Nikacheka peke yangu. Wazungu wanaagiza kwa bei ya dhahabu, na Bibi anayo kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, juu ya kabati lake, ya kupaka nywele. Nikaichukua kidogo. Nikapaka kile kibao, nikapaka na waya wa mafuta, nikajiona mzee wa Brooklands. Ikateleza kama samaki. Nikaifunga, nikaiacha wiki tatu nikisubiri tairi la nyuma.

Wanambio wale waliyatia kwenye injini, yakasukumwa na pampu. Hawakuyapaka kwenye kabureta. Nyonyo haielewani na petroli, haiyeyuki ikaondoka. Inabaki pale pale, inakutana na vumbi, na kwa muda wake inakuwa gundi. Hili nililijua Jumapili, mnamo saa kumi na dakika ishirini alasiri.

Mvua ya vuli ilikuwa inapiga, nikaona niijaribu ukumbini. Nyumba yetu ni ya Kiswahili hasa: baraza mbele, vyumba vitatu kila upande, ukumbi katikati wa mita 12, mlango wa uani nyuma. Mlango wa mbele umefungwa kwa mvua, pikipiki imeelekea nyuma, imesimama kwenye stendi niliyomchomelesha fundi kwa bomba la maji, tairi la nyuma liko juu hewani. Uani, chini ya kibanda cha mabati, Mama Vitumbua yuko kwenye jiko lake. Wapangaji wengine wamelala. Nilitaka ikohoe tu. Isikike mara moja, nizime, nikalale nimefurahi.

Naomba nikiri pia kwamba breki ya mbele ilikuwa bado haina waya, na ekzosi ya barabarani ilikuwa kwa fundi. Iliyofungwa ni ile ya mbio: tarumbeta tupu.

Nikabonyeza kile kidude cha kabureta mpaka petroli ikanitiririkia kidoleni. Nikakunja pedeli ya kulia ya kuegemezea mguu, maana bila hivyo kiki haishuki. Nikapanda juu, nikapiga kiki. Nilikuwa nimesahau kurudisha cheche nyuma kwa kile kijiti cha usukanini, kwa hiyo kiki ikanirudishia salamu: ikanirusha juu nikagusa waya wa taa ya ukumbi kwa upara. Nikarudisha kijiti. Nikapiga ya pili.

Ikawaka.

Siwezi kuieleza ile sauti. Pistoni moja ya milimita 85, tarumbeta, na ukumbi wa mita 12 wenye bati juu. Picha ya marehemu babu iligeuka ukutani ikatazama pembeni. Nikazungusha mkono kidogo, mara moja, kwa furaha, nikarudisha. Mkono ukarudi. Resi haikurudi. Kibao kilikuwa kimeganda juu, kwenye nyonyo ya Bibi, na injini inazidi kupanda, moshi wa mbarika umejaa kama tumeanza kumpunga mtu pepo.

Hapa ndipo miaka yangu 9 ya kupanda bodaboda ikanigeuka. Mwili ukafanya kile ulichofundishwa: mkono wa kushoto ukakamata klachi, mguu wa kulia ukakanyaga breki.

Ila kulia si breki.

Nikasikia *klak*, nikahisi chuma chote kimejikaza chini yangu, na badala ya kukaa na klachi yangu hapo hapo mpaka kiyama, nikaachia niliposikia sauti ya Bibi ikiita jina langu lote, na la baba, na la babu. Gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka hewani. Stendi ya bomba ikatetemeka, ikapiga hatua moja, ya pili, kama mlevi anayetafuta mlango. Kisha ikakaa chini.

Iliyoniokoa ni nta ya Bibi. Sakafu ilikuwa inateleza kiasi kwamba tairi lilizunguka zaidi kuliko lilivyokwenda. Lingeshika barabara pale, ningekuwa naandika haya kutoka Pemba. Tulikwenda, mimi na nyota ya dhahabu, matako yakiyumba, mapazia ya vyumba yakipepea moja baada ya jingine. Kwenye pazia la pili nilimwona kijana wa mitumba amekaa kitandani, shuka mpaka puani. Tulitazamana. Kwenye pazia la tatu nikakanyaga breki tena, kwa nguvu zaidi.

Ikapanda gia nyingine.

Kisigino cha kushoto nacho kikaanza kutafuta gia ya kupunguza, kikawa kinakanyaga hewa, sentimita chache tu nyuma ya breki ya kweli.

Tukatokea uani. Mama Vitumbua aliinua chombo chake cha mafuta juu na kukibana na ukuta, kwa wepesi ambao sikuudhania. Lakini ungo wa vitumbua tuliuchukua. Kuku waligawanyika pande mbili. Mbele yangu kukabaki kitu kimoja tu, bafu, ambalo mlango wake ni bati moja lililofungwa kwa kamba ya katani.

Ndani alikuwemo Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu, anakaa chumba cha mwisho, mtu wa heshima zake, na alikuwa amejipaka sabuni kuanzia utosini mpaka unyayoni, macho ameyafumba. Bati likaanguka. Gurudumu la mbele likaingia likasimama kwenye ukuta, injini inanguruma, la nyuma linachimba udongo na kurusha vitumbua. Mwalimu hakuona kitu. Alisikia tu kwamba kuna kitu kimekuja kumla. Akafanya alilofanya: akainua ndoo nzima ya lita 20 akaimwaga mbele yake yote.

Maji yakaifikia magneto. Ikapiga chafya mbili, ikazima.

Kimya kikawa kikubwa. Mvua ikasikika tena. Mvuke unapanda kutoka kwenye ekzosi, na Mwalimu amesimama ndani ya mvuke, mweupe, ndoo mkononi imemsaidia kujisitiri. Mimi niko juu ya pikipiki, kitumbua kimekaa kwenye taa. Ilinibidi niseme kitu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu. Ilimtoka yenyewe, mwalimu ni mwalimu. Akatafakari kidogo. "Kijana. Hata hodi?"

Kwa nyuma nikasikia kandambili za Bibi zikija taratibu kufuata ile alama nyeusi. Akafika, akanusa. Akanusa tena, akanigeukia.

"Nani kaigusa nyonyo yangu?"

Nikaeleza. Nilieleza kibao, nikaeleza Brooklands, nikaeleza gundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hulifanya anapokuwa amekasirika kweli.

"Nyonyo ukimnywesha binadamu hatulii nyumbani," akasema. "Wewe umekwenda kukipa chuma."

Deni langu lilikuwa hivi: vitumbua 34, bati moja, ndoo mbili za maji kwa Mwalimu, ambaye alisuuzwa na mvua kwanza kwa sababu hakukuwa na mengine, na chupa nzima ya nyonyo. Kijana wa mitumba hakudai kitu ila alihamia chumba cha mbele. Kabureta niliifungua usiku huo huo, nikaisafisha kwa spiriti, maana spiriti na nyonyo zinaelewana. Kitufe cha kuzimia nilikifunga kabla sijala.

Pikipiki sasa ina namba, ina taa, ina honi, na huwa inasukumwa mpaka barabarani ndipo iwashwe. Amri hiyo Bibi ameiandika kwa mkaa juu ya mlango wangu. Mwalimu tumepatana, tunakunywa kahawa pamoja barazani. Ila mpaka leo, akiwa bafuni na bodaboda yoyote ikapita huko nje barabarani, hata ile ndogo ya kupeleka mikate, utasikia sauti yake ikitoka nyuma ya bati jipya, ya haraka haraka:

"Kuna mtu! Kuna mtu!"