Wifi kawapa video, mimi nawapa habari kamili

Najua imeshawafikia. Wifi yangu hana dogo, na kaanzia pale penye kicheko, yaliyotangulia yote kayakata. Sasa nisikilizeni na mimi mwenye ndoo.

Ndiyo, ndoo. Ile ya rangi, nimeitoboa chini kwa msumari wa moto, iko kibarazani. Mche wa bluberi, yale matunda madogo ya bluu iliyokoza, ulitoka Kenya, ambako wenzetu wa Nanyuki na Timau wanalima za kupeleka nje. Aliyeniuzia alinielekeza vizuri tu: udongo uwe na asidi, pH 4.5 hadi 5.5, ule ule unaopendwa na chai. Mizizi yake myembamba, inakaa juu juu, haina hata vinyweleo vya kufyonzea maji, kwa hiyo isikauke na maji yasituame. Na matunda ya kueleweka nisubiri mwaka wa pili, wa tatu. Nikawa naitikia "sawa, sawa" huku nawaza yangu. Mimi niliyekulia migombani leo nifundishwe kupanda? Samadi ya ng'ombe nusu ndoo, majivu ya jikoni juu yake, maji ya bomba asubuhi na jioni.

(Mabwana shamba mliomo humu, najua! Majivu yanaua asidi. Na maji yetu ya Arusha, haya haya yanayotupaka meno rangi, nayo yana magadi. Inbox imejaa, inatosha.)

Majani yakageuka njano, mishipa tu ndiyo ikabaki kijani. Nikaongeza majivu. Ukatokea msiba kijijini, nikaondoka, dada wa nyumbani akabaki anamwagilia. Narudi, ndoo imefurika! Majani laini, mapana, kijani cha kupendeza. Nikasema kumbe mche ulikuwa unajivua tu. Katikati palikuwa na kijiti kimekauka kinaniharibia picha, nikaking'oa nikakitupa jalalani.

Mmeshaelewa kile kijiti kilikuwa nini. Basi nyamazeni tuendelee.

Yakaja maua, vinyota vyeupe vyenye pua ya njano. Nikapiga picha nikawarushia, mkanimwagia makopakopa. Hivi katika nyie wote hakuna hata mmoja anayejua kwamba ua la bluberi ni kikengele kinachoning'inia kichwa chini? Hakuna! Badala yake mkaanza kuweka oda za miche, wengine mkalipa kabisa. Matunda yalipotokea kabla hata msimu haujageuka, nikaandika kwamba hali ya hewa ya Arusha ni baraka.

Jumamosi sasa. Mama mkwe kateremka kutoka Mwika, wifi yupo, na kikundi chetu cha vikoba kinakutania kwangu. Nimeoka keki, nimeipanga matunda juu, moja moja, meusi yanang'aa. Nimesimama natoa somo: haya huko supamaketi unaulizia bei unarudisha, haya yanasaidia moyo.

Mama hakugusa keki. Aliinuka akaenda kwenye ndoo. Akatoa miwani kwenye pochi, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa. Akachuma jani. Akalisugua kwa kidole gumba. Akanusa. Akachuma na tunda, akalipasua kwa ukucha, vijimbegu bapa vikamgandia kidoleni. Mwenyekiti wa vikoba kashika uma hewani. Nasikia friji inavyonguruma.

"Mama Ima."

"Abee mama."

"Huu si mnafu?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Nikamwambia, "Hapana mama, hiyo ni bluberi, imetoka Kenya." Hapo ndipo wifi alipotoa simu.

Mama akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayekataa kwamba kajikojolea. "Mwanangu, mimi nimeuza mnafu sokoni mpaka mume wako akamaliza shule. Leo niusahau?"

Mhazini, mtu asiye na huruma hata kwenye marejesho, akaingia mtandaoni na kuanza kusoma kwa sauti. Kwamba tunda la bluberi lina kijitaji cha ncha tano upande wa pili wa kikonyo. Kwamba juu yake lina nta nyeupe kama vumbi. Macho yote yakahamia kwenye keki. Taji hakuna. Vumbi hakuna. Nikajisikia nasema, "Labda ni aina nyingine." Hicho kipande wifi kakirudia mara tatu kwenye video, na kaweka muziki.

"Yaliyoiva hivi hayana neno," mama akasema, akirudi kukaa, "tulikuwa tunakula tukichunga mbuzi. Ila mabichi usije ukampa Ima, yana sumu."

Mengine ya haraka: mbegu zilikuja na samadi. Keki ililiwa, mapambo yakapangwa pembeni ya sahani kwa adabu. Mnafu ukachumwa wote, ukaungwa karanga, wifi yenu huyo huyo akaongeza mara mbili. Mume wangu karudi jioni kaniuliza bluberi zinaendeleaje, kumbe video alishaiona kazini.

Mlioweka oda za miche, hela zenu mwisho wa mwezi. Anayekubali kubadilishiwa mnafu aje na mfuko wake, umeshaanza kuchipua tena.