Ekari 85 na kitambulisho cha mama

Jumamosi moja ya Oktoba nilitoka Phoenix, huku Arizona, Marekani, nikapanda milimani hadi mji wa Payson. Mwenzangu wa kazini ni Mwapache wa Tonto, Mmarekani wa asili, na kwao walikuwa wanasherehekea kumbukumbu ya kutambuliwa rasmi kwa kabila lao. Shangazi yake akanipa bakuli la mchuzi wa nyama uliotiwa unga wa mbegu za mwaloni, una uchungu kwa mbali, na mkate wa kukaanga bado wa moto. Ngoma zinalia. Wazee wamekalishwa mbele kabisa, kivulini, akina mama ndani ya magauni marefu ya marinda. Yule shangazi akagonga ardhi kwa kisigino, akasema, "Hapa ni petu."

Nikamkumbuka mama, chakula kikanishinda.

Mama ni Mmakonde wa Kwale, pwani ya Kenya. Babu alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge. Baba ni Mdigo, mwenyeji wa hapo, na ni kwa jina la baba nilipata kitambulisho, kisha pasipoti, hadi nikafika huku. Aliyenizaa hakuwa na karatasi yoyote. Laini yake ya simu niliiandikisha mimi. Msako ukipita, yeye huyo mlango wa nyuma. Mliokulia kule mnajua.

Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu, Nairobi, kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Mama alikitia chake kwenye nailoni, akakifunga kwenye pindo la leso, akalala nacho. Nililia, sioni haya kusema. Lakini nyumba anayolala nacho imejengwa kwenye shamba la mtu. Kabla ya kitambulisho alikuwa skwota, na hadi leo ni skwota.

Hawa wa Tonto nao walikuwa maskwota hasa. Mwaka 1875 jeshi la Marekani liliwaswaga wao na jirani zao Wayavapai kutoka bonde la Verde hadi San Carlos, humo humo Arizona, kama kilomita 290, kwa miguu, Februari, wengi wakafia njiani. Waliorejea baada ya miaka wakakuta kwao kumekuwa msitu wa serikali, wakaishi humo vibandani. Tarehe 6 Oktoba 1972 ndipo sheria ya Bunge la Marekani ilipowatambua. Na kutambuliwa kwenyewe kulikuja na ekari 85. Serikali kuu inaishikilia ardhi hiyo kwa niaba ya kabila, hakuna tajiri wa kuinunua, nao wana baraza lao la kujitawala.

Najua nitakavyojibiwa. "Umeonja baridi ya wazungu, sasa unatudharau." Hapana. Nimetoka kuwaambia watu walivyoswagwa kama mbuzi. Marekani siisifu, na ekari 85 ni kipande kidogo mno kwa watu waliokuwa na milima yote ile. Mwingine atasema ukabila ndio unaotumaliza, itakuwaje nishangilie makabila kutambuliwa? Ndugu yangu, mama hakuomba cheo wala kiti cha ubunge. Aliomba asikimbie polisi, na akifa azikwe mahali ambapo watoto wake hawatafukuzwa. Wa tatu ataniambia, "Hata sisi Wadigo wenye vitambulisho tangu zamani hatuna hati za ardhi." Huyo ananikata maini, maana ni kweli, ni wa upande wa baba yangu, na ndiyo hasira yangu yenyewe. Pwani tumezoea kushangilia karatasi bila kuuliza ardhi iko wapi. Tena msiniambie kwetu haiwezekani: Wanubi wa Kibra walipewa hati ya ekari 288 mwaka huohuo wa 2017. Nairobi, jamani, ambako kila futi inagombewa!

Najivunia mno wale wazee walioamua kwenda Ikulu. Walifanya ambalo wasomi wetu hawakuthubutu. Lakini walirudi na nusu ya haki yao, na sisi tukapiga vigelegele tukaenda zetu.

Nilipofika Phoenix usiku, kwetu kulikuwa kumekucha, nikampigia mama nikamsimulia yote. Akauliza, "Kwa hivyo hiyo ardhi hakuna wa kuiuza?"

Nikamwambia hakuna.

Akanyamaza kitambo, kisha akataka nimtajie tena ni ekari ngapi.